Biblia ya kusikiliza kwenye simu kwa mtu anayepita kwenye majaribu: maoni yangu baada ya kuitumia

Haya maoni namwandikia mtu ambaye yuko kwenye shida sasa hivi, sio mtu anayetafuta apu ya kumsaidia kumaliza Biblia nzima ndani ya mwaka, hizo zipo na walioziandikia ni wengi. Mimi hii Biblia ya kusikiliza nilikuwa nayo kwenye simu muda mrefu ila sikuwa naigusa, nimekuja kuitumia kweli mama alipougua na kazi nayo ikaisha kipindi hichohicho, usiku usingizi hauji, ukifungua Biblia ya kitabu macho yanapita juu ya mistari na hakuna kinachoingia, ukisema uombe unaanza "Baba" na maneno yanaishia hapo. Aliyewahi kupita hapo ananielewa. Jina la apu sitaji kwa sababu ziko nyingi na zinafanana sana, nitakayoyasema utayakuta karibu kwenye zote.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nina sababu nayo kubwa na nitaieleza kwa urefu, kwa sababu inagusa imani ya mtu na sio mambo ya kiufundi tu.

Ya kiufundi niyamalize haraka. Unaweza kupakua kitabu kizima ukasikiliza bila intaneti, hili fanya mapema ukiwa na mtandao mzuri usisubiri siku ya shida. Kuna taima ya kuzima yenyewe ukilala, kuna kupunguza spidi, na mimi huwa napunguza kidogo maana msomaji anakimbia hasa kwenye Zaburi, mtu amesema jambo zito la kulia kabisa na yeye ameshaingia mstari unaofuata. Biblia nzima ni zaidi ya saa sabini za kusikiliza kwa hiyo usijipe presha ya kumaliza. Tafsiri ya kwangu ni ile ya Union ya 1952 ambayo wengi tumekua nayo, na kwa mtu aliyechoka naona inafaa kwa sababu maneno unayajua tangu Sunday school, sikio linayapokea hata akili ikiwa imechoka. Kama Kiswahili chake kinakuwia kigumu tafuta ya lugha nyepesi, zipo.

Sauti ziko za aina mbili. Kuna ya msomaji mmoja mwanzo mwisho, na kuna ile ya kuigiza yenye sauti nyingi na muziki nyuma. Watu wengi wanapenda ya pili, na mimi kwa kitabu cha Ayubu nasema tafuta hiyohiyo ya sauti nyingi, sababu inakuja. Ila kwa Zaburi na Maombolezo nataka msomaji mmoja bila muziki kabisa. Muziki unakuambia uhisi nini, na mtu mwenye maumivu ameshahisi vya kutosha.

Sasa nije kwenye ile nyota. Hizi apu karibu zote zina mstari wa siku. Asubuhi simu inalia, mstari mmoja, picha nzuri ya jua linachomoza, bonyeza utume kwa marafiki. Sina shida na mstari mmoja, kuna mistari imenibeba na mtu anaweza kuishi na mstari mmoja wiki nzima. Shida yangu ni namna wanavyoichagua. Karibu siku zote ni ya kushinda, kuongezeka, kuvuka, milango kufunguka. Hutaona Zaburi ya 88 pale. Na mbaya zaidi wanakata mstari bila kukuambia nani alisema na alikuwa anamwambia nani.

Mfano mmoja nitakaa nao kwa sababu uliniuma sana. Wiki ambayo hali ya mama ilikuwa mbaya kabisa simu ikanitumia Ayubu 8:7, "Tena ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, Lakini mwisho wako ungeongezeka sana." Mstari tunaujua wote, upo kwenye mabango na kwenye kadi, watu wanautumia wakifungua biashara. Nikabonyeza nisikilize sura nzima na hapo ndo nikasimama. Anayesema pale sio Mungu, sio nabii, na wala sio Ayubu. Ni Bildadi, mmoja wa wale rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliokuja kumfariji Ayubu. Na mistari mitatu tu kabla ya hapo, 8:4, huyo Bildadi anamwambia baba aliyefiwa na watoto kumi kwamba watoto wako walikosa kwa hiyo wameachwa wapate adhabu ya kosa lao. Hayo ndo maneno yanayoutangulia ule mstari wa kwenye kadi! Anachosema Bildadi kwa ufupi ni ukiwa safi Mungu atakuinua, hujainuliwa basi kuna tatizo kwako. Halafu ukifika sura ya mwisho, 42:7, Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba hasira zangu zinawaka juu yako na juu ya rafiki zako wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Na ule mwingine tunaoupenda, "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani", 22:21, huo nao ni wa Elifazi, na sura hiyohiyo anamtuhumu Ayubu kwamba amewanyima wenye njaa chakula na kuwafukuza wajane mikono mitupu, mambo ambayo Ayubu hakuyafanya.

Kwa hiyo mtu amelazwa, au anauguza, au amefiwa, na apu inamtumia asubuhi maneno ya mtu ambaye Mungu alimkemea kwa maneno hayohayo. Sisemi waliotengeneza wana nia mbaya, najua wanapenda Neno. Ila hii sio kasoro ndogo. Mtu aliye kwenye shida hana nguvu ya kuchunguza, anapokea kile anachopewa, na akipewa kwamba imani yake ingekuwa sawa angekuwa ameshavuka atajiongezea mzigo mwingine juu ya ule alionao. Wako wengi wameacha kanisa kwa ajili ya hilo wala sio kwa ajili ya shida yenyewe.

Na ndo maana pamoja na kasoro hiyo bado naipa nne. Kwa sababu dawa iko ndani ya apu hiyohiyo, ukizima mstari wa siku ukabonyeza sura nzima. Au bora zaidi kitabu kizima.

Ayubu ana sura 42, ni saa mbili na kitu za kusikiliza. Nilimsikiliza jioni kwa jioni, na ile ya sauti nyingi inasaidia sana kwa sababu unajua huyu ni Sofari, huyu ni Ayubu, hutachanganya maneno ya mtu aliyekemewa na ya mtu aliyesifiwa. Kwa msomaji mmoja unaweza kusikiliza sura ya 20 yote, ambayo ni ya Sofari, ukadhani ni mahubiri mazuri. Halafu kuna jambo ambalo ukisoma kwa haraka hulioni, yaani Ayubu analalamika sana. Kuanzia sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa na haachi. Sura ya 19 anasema Mungu amempindua, ndugu wamemwacha, mpaka mke anachukizwa na pumzi yake, na katikati ya hayo hayo ndipo anasema "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai". Hakungoja malalamiko yaishe ndo aseme hivyo. Nilizoea kuusikia huo mstari peke yake ukiimbwa kwa furaha na sikujua umetoka kwenye kinywa cha mtu ambaye hali yake haijabadilika hata kidogo.

Na Mungu anapojibu sura ya 38 hamwelezi chochote kuhusu yale mazungumzo ya sura ya 1 na 2, yale ya Mungu na Shetani. Sisi wasomaji tunajua, Ayubu hajui, na hakuna mahali kitabu kinasema aliambiwa. Anaulizwa habari za misingi ya nchi, theluji, mbuzi-mwitu wa milimani wanazaa lini, farasi, tai. Kusikiliza zile sura nne kwa sauti, mfululizo, bila kusimama, hilo ndo lililonifaa kuliko kitu kingine chochote kwenye hii apu. Sikupata jibu la kwa nini mama. Nilipata kwamba yule anayeulizwa "kwa nini" yupo, amesikia yote, ameamua kusema na mtu aliyekaa kwenye majivu, na hakumwita mwongo. Kumtegemea Mungu bila maelezo ni jambo nililokuwa nalisema kanisani kirahisi tu, ila kusikia Ayubu ananyamaza mbele zake na mimi nikiwa sina la kusema ni kitu kingine kabisa.

Zaburi sasa. Ziko 150 na usidhani nyingi ni za shangwe, za maombolezo ni nyingi mno, kuna wanaozihesabu kuwa zaidi ya theluthi ya kitabu kizima. Ya 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na ndani ya mistari michache tu imefika kwenye kumwimbia Bwana, wale wa haraka haraka wataipenda. Ya 22 ndo ile Bwana Yesu aliutamka mwanzo wake msalabani, Mathayo na Marko wote wameandika. Ila mimi nataka nikae kwenye ya 88. Inaanza "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, Mchana na usiku nimelia mbele zako" na baada ya hapo hakuna tena mwanga wowote, inaisha kwenye giza, hakuna lakini, hakuna hata hivyo, hakuna haleluya. Imo kwenye Biblia hivyohivyo, na kina Kora, waimbaji wa hekaluni, waliimba. Yaani Mungu ameruhusu kitabu chake cha nyimbo kiwe na wimbo wa mtu ambaye hajaona jibu mpaka mwisho wa wimbo, na huyo mtu bado anamwita Mungu wa wokovu wangu. Mimi hiyo naiita imani. Sijui kama kuna kubwa kuliko hiyo.

Hapa apu inaharibu kidogo, ikimaliza ya 88 inaruka palepale kwenye ya 89, "Fadhili za BWANA nitaziimba milele", kama sekunde mbili tu zimepita. Hawajakupa hata pumzi. Weka mpangilio wa kusimama mwisho wa sura, kama ya kwako inao, ya kwangu haina mpaka nizime kwa mkono.

Yeremia 29:11 nayo lazima niiseme maana ndo inayoongoza kwa kutumwa. Mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Ni kweli na ni ya Mungu mwenyewe, tofauti na ile ya Bildadi. Lakini anza kusikiliza sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania anawaambia watu ndani ya miaka miwili kila kitu kimerudi, nira ya Babeli imevunjwa. Watu lazima walipenda kusikia hivyo. Yeremia anamwambia Bwana hakukutuma. Halafu sura ya 29 inakuja ile barua kwa waliochukuliwa mateka Babeli, jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto, kwa sababu ni miaka 70. Sabini! Wengi walioisikia ile barua ikisomwa walizikwa Babeli. Na mawazo ya amani yaliwahusu hata hao. Mimi hii imenisaidia kuacha kumhesabia Mungu wiki, kwamba mwezi huu usipite, ikifika tarehe fulani, maana hata mimi kuna watu walinijia na habari za Hanania, kwa upendo kabisa, na tarehe zao zilipita. Sura nzima ndo ilinifundisha kupanda bustani, kwamba nitafute kazi yoyote ndogo, nimpikie mama, nilale, niishi hapa hapa nilipo huku nangoja.

Kitu kingine sikipendi, na hiki ni kidogo ila kwa mgonjwa sio kidogo, ni ile hesabu ya siku mfululizo. Ukikosa siku moja unapata notifikesheni kwamba mfululizo wako umekatika, anza upya. Kwa mtu mzima mwenye afya inaweza kumpa ari, sawa. Kwa mtu aliyekesha na mgonjwa inamwambia hata kwa Mungu umeshindwa. Zima kabisa. Halafu sikiliza 1 Wafalme 19, Eliya amekimbia, amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na amelala. Malaika anamgusa, inuka ule. Kuna mkate na gudulia la maji. Anakula analala tena, anaguswa tena, inuka ule maana safari hii ni kubwa mno kwako. Hakuna mahali ameulizwa mbona hukuomba leo. Mungu alianza na chakula na usingizi, maswali yalikuja baadaye huko Horebu.

Kuna sura nyingine nataja tu, ukizifikia kaa nazo. Danieli 3, wale vijana watatu wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, "Bali kama si hivyo", bado hatusujudu. 2 Wakorintho sura ya 1 Paulo anasema walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, Paulo huyohuyo, halafu sura ya 12 ameomba mara tatu mwiba uondoke na haukuondoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Waebrania 11 isikilize mpaka mwisho usiishie kwenye waliofunga vinywa vya simba, endelea hadi wale waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno, wote wanahesabiwa kwenye orodha moja ya imani. Yohana 11, Yesu anawapenda Martha na dada yake na Lazaro, na akakaa siku mbili zaidi palepale alipokuwa. Mwandishi ameyaweka hayo mawili pamoja, kupenda na kukawia, wala hakuyaeleza. Na Habakuki yote, sura tatu, kama dakika kumi, inaanza na "nilie hata lini" na inaishia kwa mtu ambaye mtini hauna maua na zizini hamna kundi na anasema nitamfurahia Bwana. Kama hujui uanzie wapi anzia hapo.

Ile sehemu ya kutuma kwa rafiki naiomba itumike kwa busara. Ndugu zangu, mtu akifiwa usimtumie mstari wenye picha ya maua dakika tano baada ya taarifa. Rafiki zake Ayubu kabla hawajafungua midomo walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, 2:13, na hicho ndo kipande chao kizuri kuliko vyote kwenye kitabu kizima. Nenda ukae. Baadaye sana kama akitaka mtumie sura, mwambie sikiliza ukiwa na nguvu. Kuna mama mmoja wa kanisani alinitumia Zaburi ya 77 nzima bila neno lolote la kwake, akaandika tu "nipo", na nimeisikiliza mara nyingi kuliko mahubiri yote niliyotumiwa.

Inamfaa nani? Mtu anayeuguza, mgonjwa mwenyewe ambaye hawezi kushika kitabu, mzee ambaye macho yamechoka, mtu asiyejua kusoma, na mtu ambaye maombi yamekauka mdomoni. Huyo wa mwisho nasema naye kipekee, Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo acha Zaburi isome wewe sema amina basi, hiyo ni sala. Kwa mtu anayetaka apu imwambie kwamba mwezi huu ni wake, kwakweli hatoridhika, sura nzima hazisemi hivyo.

Kwa watengenezaji kama wanasoma, ninaomba vitu vitatu. Kwenye mstari wa siku andikeni anayesema ni nani na anasema na nani, neno moja tu linatosha, "Bildadi kwa Ayubu". Ile hesabu ya mfululizo iwe imezimwa mpaka mtu aiwashe mwenyewe. Na mpangilio wa kusimama baada ya kila sura. Kama kuna mtu anatumia apu ambayo tayari inasimama yenyewe mwisho wa sura naomba aniambie ni ipi, nahamia leo.